Jina Litakalosomwa Jumamosi

Dodoma, Jumatano jioni

Mwanangu Damari,

Ni kichekesho mtu kumwandikia barua mtu aliye chumba cha pili. Nakusikia hapo ng'ambo ya ukuta. Unafunga sanduku, unalifungua, unalifunga tena, na mama yako anakwambia blanketi likae juu kwa sababu daraja la tatu la gari moshi alfajiri lina baridi kali. Ningeweza kuinuka nikaja mlangoni tukazungumza. Lakini wiki mbili hizi mazungumzo yetu mimi na wewe yamekuwa shikamoo na marahaba, basi, na nimechoka kumwitikia mtu asiyenitazama usoni. Kwa hiyo naandika. Utaisoma garini, ukiwa umeshaipita Manyoni, mahali ambapo hutaweza kunijibu, nami nitapata nafasi ya kumaliza maneno yangu kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Mambo ya kutouacha mzigo peke yake mtakapobadilisha gari Tabora, ya kumtafuta mchungaji ukifika Mwanza, ya kutokula ovyo melini, mama yako ameshakwambia na atakwambia tena stesheni. Mimi siyarudii. Nataka kusema juu ya ile fomu. Yatakayotokea stesheni kesho utakuwa umeshayaona kabla hujaifungua barua hii. Yaliyonikalisha wiki mbili huyajui, na ni haki yako kuyajua.

Nianze na upande wako, kwa sababu ulikuwa na haki ya kukasirika. Serikali inakulipia ada ya chuo kule Kampala. Nauli, nguo, vitabu na chakula cha likizo ni juu ya mzazi, na mshahara wa mwalimu wa hesabu katika shule ya makarani unaujua. Mfuko wa Elimu wa mji huu, ule wa wenye maduka wa Kihindi, wake za maofisa na watu wa misheni, ukakubali kuyabeba hayo yote. Ilibaki sahihi ya mzazi tu. Fomu ikaletwa nyumbani, nikaisoma, nikaikunja, nikaitia kwenye mtoto wa meza. Ulipouliza mara ya kwanza nikasema naiangalia. Ulipouliza mara ya pili nikasema kuna kifungu sikipendi. Baada ya hapo hukuuliza tena, ulisema.

"Baba, wewe kaa na fomu yako. Mimi gari nitapanda. Hata kama nauli itanifikisha Tabora tu, nitashuka hapo nikae stesheni."

Nilitaka kucheka, kwa maana hivyo ndivyo alivyokuwa akisema bibi yako, mama yangu, ambaye nakuita mama kwa ajili yake. Sikucheka. Nilikunja uso nikatoka nje.

Kifungu chenyewe unakijua. Mzazi anakubali kwamba jina la mwanafunzi na hali ya nyumbani kwao visomwe mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, kisha vichapwe ndani ya ripoti. Chini yake wameacha mistari ya kujaza hiyo hali ya nyumbani. Wewe ukasema ni majivuno, mwalimu mzima hataki kuitwa maskini. Sehemu yake ni majivuno, sikatai. Nina koti moja na nimelivaa miaka mingi nikilitembeza mjini kama mtu mwenye makoti matatu. Lakini sehemu kubwa haiko hapo. Iko Mlali, kwa mjomba wako Yonathani.

Wewe na wadogo zako tumewaambia mjomba alikufa mwaka wa njaa, na wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Hatukuwadanganya. Tuliwapa nusu yake tu, na nusu nyingine tumeila sisi wawili, mimi na mama yako, kimya kimya, miaka yote hii.

Mwaka ule vita ya wazungu ilikuwa imepamba moto. Vijana wetu wengi walikuwa wamechukuliwa, mvua ikakata mtama ukiwa mchanga, na ng'ombe wakawa wanaanguka njiani wakitafuta maji. Ikaundwa Kamati ya Msaada. Mwenyekiti Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, ndani yake padre mmoja na wenye maduka wawili, na katibu na mweka hesabu ni mimi. Nilikuwa kijana mbichi, ndiyo kwanza nimetoka shule, wa kwanza katika watu wetu aliyeweza kufunga hesabu pande zote mbili zikalingana. Kichwa kilikuwa kimevimba, mama, hata kofia haikuingia. Nikapewa eneo la Mlali, kwa sababu ndiko kwao mama yako na lugha naijua.

Fedha zilitoka mbali, kwa watu ambao hawajawahi kutuona. Zikanunua nafaka, nafaka ikaja, nikawekwa kuwa mwenye ufunguo wa ghala. Na mimi nilikuwa na neno moja moyoni. Mwalimu wangu wa hesabu, mzungu mmoja mrefu mwenye pumu, alikuwa akitufundisha kwamba fedha za watu zisomwe mbele ya watu. Anayezikalia kimya, alisema, ameshaanza kuiba. Na kweli tulikuwa tumeona. Msaada uliotangulia ule wetu ulipitia kwa jumbe mmoja, ukaishia kwa wake zake na wakwe zake, na hakuna aliyejua umekwenda wapi mpaka ulipokwisha. Nikaapa kwamba kwangu hilo halitatokea.

Basi nikatengeneza utaratibu wangu. Kila wiki kabla ya kugawa, nasimama juu ya benchi barazani, nasoma majina ya wote waliopewa wiki iliyopita, nyumba baada ya nyumba, na kiasi cha kila mmoja. Mwenye kusikia uongo aseme pale pale. Bwana Shauri aliupenda sana utaratibu ule. Ukapigwa taipu ukapelekwa Dar es Salaam, na barua ikarudi kusema kamati nyingine ziige. Nilitembea na barua ile mfukoni mpaka ikachanika.

Sasa sikiliza. Mimi ni Mgogo, si mgeni. Nilikuwa najua watu wetu wanavyohemea. Mtu akiishiwa chakula haendi kuomba, anakwenda kusalimia. Baba yangu alinichukua safari hizo nilipokuwa mdogo. Tunafika kwa mtu aliye mbali, tunakaribishwa, tunaulizwa habari za ng'ombe, baba anasema wazima, na ng'ombe wenyewe wameliwa na tai. Tunaongea habari za ndoa, za majirani, za mbwa. Neno njaa halitajwi na yeyote, si mgeni, si mwenyeji. Siku ya kuaga, mama wa nyumba ile anautoa mfuko wetu umejaa, anasema, hiki cha watoto njiani. Baba anashukuru kana kwamba amepewa karanga za kutafuna. Tulirudi nyumbani tukala miezi, na baba alibaki kuwa baba. Nimekua kwa chakula hicho. Damu yangu ni ya chakula hicho. Halafu nikapanda juu ya benchi na karatasi mkononi, nikayaanika majina ya watu mbele ya wakwe zao na wachungaji wao.

Yonathani alikuwa kaka mkubwa wa mama yako. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mahari ya mama yako nililipa kwake. Ng'ombe wangu aliwapokea yeye, mkono wangu aliushika yeye. Unajua kwetu mtu wa namna hiyo humpiti njiani bila kuvua kofia. Wiki ya kwanza alikuja ghalani jioni, watu wakiwa wamepungua, akapokea akaenda zake. Wiki ya pili nilisoma jina lake kwa sauti, na nyumba yake, na kiasi chake. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya shule. Nilimwona amesimama nyuma kabisa, ameegemea fimbo. Wala hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevunja chungu cha watu.

Zamu yake ilipofika akaja mbele akasema, "Mpe mwingine, shemeji. Mimi nina safari."

Nikamwuliza safari ya wapi katika hali hii.

"Nakwenda Kibakwe, kumsalimia rafiki yangu."

Kibakwe ni milimani, kule mvua ilikuwa imepita pita. Nilielewa anakwenda kufanya nini. Ningeweza kumfuata njiani nikamwambia, kaka, shika gunia hili, sitakusoma. Lakini gunia lisilosomwa lingeniharibia hesabu. Sipambi maneno, mwanangu, hilo ndilo lililonipita kichwani wakati ule. Niliandika mbele ya jina lake kwamba amekataa, nikaita jina lililofuata.

Wiki zilizofuata watu wakapungua barazani. Waliobaki ni wale waliokuwa hawana miguu ya kwenda popote, wajane na vikongwe. Mimi nikaandika katika ripoti yangu: mahitaji yamepungua. Niliyaandika maneno hayo kwa moyo mkunjufu kabisa. Mwisho wa msimu ghala lilikuwa na nafaka iliyobaki, na kamati ikanipongeza kwa kutumia mali ya watu kwa uangalifu. Ripoti ile ilikuwa kamili. Hata leo ukinipa niikague, sitaona kosa lolote katika mahesabu yake.

Yonathani alifika Kibakwe, akapewa. Akarudi na mzigo wake kichwani. Kabla hajaifikia Mpwapwa homa ikamshika, akaketi kando ya njia akalala, na wapita njia wakamkuta asubuhi mzigo ukiwa chini ya kichwa chake. Walikuwa watu waungwana. Walimzika huko na mzigo wakaufikisha Mlali, haukupungua. Watoto wake waliula mtama ule. Binamu zako hao unaowajua, wanaokuja hapa kwa mbwembwe na kukutania habari za wachumba, wamekulia hapo.

Habari zilimkuta mama yako anatwanga, na wewe mgongoni. Alimaliza kutwanga. Jioni nilipoingia akaniwekea chakula, akasimama mlangoni.

"Ghala lako lina mtama, sivyo?"

"Lina."

"Haya."

Hajalitaja tena tangu siku ile. Ugomvi tumegombana, maana mama yako unamjua, kuhusu kuku, kuhusu dada zangu, kuhusu fedha za shule. Katika ugomvi wote huo hajawahi hata mara moja kuliokota neno hilo akanipiga nalo. Ningependa angenipiga. Mtu aliyepigwa hulia, akanyamaza, yakaisha.

Nikaacha kazi ya kamati, nikaomba kufundisha. Ninyi mmekua mkinijua kama mtu wa ripoti, baba anayeokota ripoti za vyama vya watu kama wengine wanavyookota stempu. Wenzangu shuleni wananitania, wananiita Mwalimu Ripoti. Sikuanza kwa kupenda. Nilianza kwa sababu nilitaka kujua kama ni mimi tu. Nikakusanya ripoti za mifuko ya msaada, za misheni, za vyama vya mazishi, za jamaa za Kihindi, za akina mama wa kanisa, popote fedha za watu wema zilipokusanywa kwa ajili ya wengine. Nikazisoma kwa jicho la mkaguzi. Kisha likizo napanda baiskeli, naenda kuwatafuta wale walioandikwa humo kuwa wamepokea.

Mlikuwa mkilalamika kwamba baba wa wenzenu likizo anajenga nyumba na wa kwenu anaendesha baiskeli porini. Mlikuwa na haki. Paa hili lingekuwa limeshatengenezwa.

Kule nilikuta nini? Nilikuta watu waliopewa kweli, na waliopewa nusu, na wasiopewa kabisa. Hayo nilitegemea. Nisilolitegemea ni kwamba katika wote hao sikupata hata mmoja aliyewahi kusomewa ripoti ile. Mama mmoja upande wa Bahi nilimwonyesha jina lake limechapwa, na maneno kwamba alipokea msaada kwa machozi ya shukrani. Nikamtafsiria. Akauliza, "Kwani tunaandikwa?" Akataka kujua nani aliyemwona akilia, kwa maana siku ile anakumbuka alikuwa na meno yanauma. Tulicheka sote, kisha akaniomba nimwachie ile karatasi, na alipokwisha kuipata akaitia motoni mbele yangu.

Nikajiambia, basi dawa ni kuficha majina. Nikaenda kwa mzee Premji mwenye duka la nafaka sokoni, unamkumbuka, aliyekuwa akiwapa sukari guru mkipita. Jamaa zake walikuwa na mfuko wao, na desturi yao ni kwamba anayetoa hajulikani na anayepewa hajulikani. Maskini anakuja dukani kama mteja mwingine yeyote, anapimiwa mbele ya wateja wengine, anaweka mkono juu ya kaunta kama anayelipa, anaondoka na mzigo. Mtu aliyesimama pembeni yake hawezi kujua. Nilikaa dukani mle mchana kutwa nikitazama, na mimi mwenyewe sikumtambua nani ni nani. Nilitoka machozi yananilenga. Nilimfikiria Yonathani akiweka mkono wake juu ya kaunta ile.

Nilirudi baada ya muda kumwomba ruhusa ya kuandika juu ya utaratibu wao. Nikamkuta mzee amekaa nyuma ya duka, hana hata nguvu ya kufukuza nzi. Mpwa wake aliyekuwa akipima ndiye aliyekuwa akiziiba fedha za mfuko. Miaka na miaka. Alikuwa akimpimia mtu mmoja na kuudai mfuko gharama ya watu kadhaa, na kwa kuwa hakuna jina lililoandikwa, hakuna aliyeweza kumwuliza.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nimeficha jina ya masikini, mpwa yangu naye kajificha humo humo."

Niliendesha baiskeli kurudi nyumbani polepole sana siku ile. Ukisoma majina, mwenye haya anakufa njiani. Ukiyaficha, mwizi ananenepa. Nilikuwa nimetumia ujana wangu wote kujifunza hivyo tu.

Kitabu changu juu ya mifuko hiyo nilikiandika hata hivyo, na wewe ndiwe uliyekuwa ukinishikia taa na kunisomea rasimu. Unakumbuka nilichosema mwishoni. Jumla zisomwe kwa kila mtu. Majina wayaone wachache, na katika hao wachache wawemo waliopewa, waliochaguliwa na wenzao. Na kabla jina la mtu halijatamkwa mahali popote, mwenyewe aulizwe. Nilikipeleka kwa wakubwa. Mkubwa mmoja alikipima uzito kwa mkono, akasema ni kazi safi sana, akakiweka juu ya makaratasi mengine, na nilipokwenda mwaka uliofuata makaratasi yalikuwa yameongezeka juu yake. Siku hizi kila mtu anazungumzia madaraka, wazungu wanafunga mizigo, nani atakuwa na nafasi ya kusoma habari za mifuko ya sadaka? Sina kinyongo. Nimechoka tu, na uchovu hauna makelele.

Ule Mfuko wa Elimu nimeukagua mimi, bure, miaka mingi. Kila mwaka nimewaomba wakitoe kile kifungu cha kusoma majina. Kila mwaka wanasema watoaji wanapenda kujua, labda mwaka ujao. Ulipopeleka maombi yako niliandika barua ya kujiuzulu ukaguzi, kwa sababu mtu hawezi kuukagua mfuko unaomsomesha mwanawe. Hilo sikukwambia. Nilidhani nikikwambia utafikiri nakudai shukrani.

Halafu fomu ikaja, na mkono ukakataa. Nikitazama mistari ile ya hali ya nyumbani, nakuona wewe umesimama nyuma ya watu umeegemea fimbo. Niliapa kwamba sitashika kalamu kumwanika mtu tena, sembuse wewe. Wiki mbili nimejihesabia haki. Nilipokuwa nalala nilijiambia, afadhali asome kwa taabu, afadhali asiende kabisa, kuliko kusomwa.

Jana nilikuwa darasani. Nilikuwa nawafundisha jambo lile lile, kwamba katibu kabla ya kuandika jina ajiulize kama mwenye jina ameulizwa. Kuna mwanafunzi mmoja, karani wa ushirika kutoka Singida, mtu mzima mwenye watoto, ambaye akiuliza swali hukaa kwanza akafikiri. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na akiulizwa akasema yeye hana taabu, jina lisomwe tu?"

Nikafungua mdomo nijibu. Katika kurasa zote zile nilizoandika sikuweka nafasi ya mtu kujibu hivyo. Wote niliowaandikia walikuwa Yonathani. Chaki ikabaki mkononi, na hapo nikakusikia wewe, maneno uliyoniambia siku ile ulipouliza mara ya pili, ambayo niliyapita kama mtu anayepita kelele za mtoto.

"Wasome, Baba. Waandike na tundu la paa. Mimi sina aibu, mimi nakwenda kusoma."

Uliniambia, mama. Kwa Kiswahili fasaha, ukiwa umesimama mbele yangu. Na mimi, niliyezunguka nchi hii kwa baiskeli nikiwalaumu watu kwa kutomwuliza mwenye jina, sikukuuliza, na uliposema bila kuulizwa sikukusikia. Yonathani nilimwanika bila kumwuliza. Wewe nilitaka kukuficha bila kukuuliza. Nilidhani la pili linafuta la kwanza. Kumbe nilikuwa juu ya benchi lile lile.

Nisamehe kwa wiki mbili hizi. Sikuombi unisamehe ya Mjomba, hayo si yako kuyasamehe. Na usiwe mkali mno kwa kamati utakazokutana nazo huko mbele, maana utaketi humo siku moja, nchi hii haina watu wa kutosha wa kuketi. Utakosea. Ukikosea, ongea mapema. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa tabia, mpaka nikashindwa hata kuvuka mlango mmoja kuja kuongea na mwanangu.

Leo mchana niliijaza fomu. Pale kwenye hali ya nyumbani niliandika hivi: Baba ni mwalimu, mama analima karanga Nzuguni, paa linavuja upande wa jikoni, binti amefaulu kumpita baba yake. Sikutia chumvi na sikupunguza. Nikatia sahihi, nikavaa koti langu, nikampelekea katibu wa mfuko, Bwana D'Souza, nyumbani kwake karibu na reli. Nilimkuta barazani, miguu ndani ya beseni la maji. Aliisoma yote, akanitazama juu ya miwani.

"Umechelewa sana, Mwalimu. Lakini haya, bahasha ya pesa nitaleta mimi mwenyewe stesheni kesho." Akaisoma tena. "Iko jambo moja. Jumamosi mkutanoni jina ikisomwa, mtu wa nyumba ile anasimama, watu wamwone. Ndiyo desturi yetu. Binti atakuwa ameshakwenda. Niandike nani?"

Nikamwambia aniandike mimi.

"Si lazima, Mwalimu. Wewe ulikuwa mkaguzi yetu. Hiyo ya kwako tunaweza kuruka, hakuna mtu atauliza."

"Usiruke," nikasema.

Jumamosi wewe utakuwa majini, na ukiyaona maji yale mara ya kwanza usiogope, meli ni kubwa. Mimi nitakuwa ukumbini na koti langu, na wale niliowakagua miaka yote watanitazama. Nimekwisha kuyazoea maumivu ya kukaa kimya, haya ya kusimama siyajui.

Niliporudi nikamweleza mama yako. Alikuwa anapiga pasi gauni lako la kusafiria. Nilimweleza yote, na fomu, na desturi ya Jumamosi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule nikalitaja jina la kaka yake ndani ya nyumba hii. Hakuinua kichwa. Alimaliza mkono mmoja wa gauni, akaugeuza wa pili. Kisha akasema Jumamosi atakuja nami. Mama yako, Damari, ambaye tangu mazishi yale ya mbali hajakanyaga mkutano wa kamati yoyote, hata ya kanisa.

Nikamwuliza anakuja kufanya nini.

"Kusimama," akasema.

Ni mimi baba yako,
Stefano